Jeshi Lisilo na Namba

Bibi yangu alikuwa na habari moja tu ya vita, na aliirudia kila mara tulipopanda kwenda kwetu milimani. Gari likishaiacha Mombo na kuanza kuzikata kona za kuelekea Soni, atatazama bonde chini, atasema: "Baba alikuwa jeshi la Mjerumani." Halafu anagusa bega lake la kulia. "Hapa alikuwa na nundu. Ngumu kama goti."

Basi. Hakuna bunduki katika habari ile, wala jina la ofisa, wala mahali walipopigana. Ni bega tu. Sisi wajukuu tulijazia yaliyobaki: tukamvika babu kofia ya askari yenye kitambaa cha kufunika shingo, tukampa bunduki na filimbi, shuleni tukajisifu.

Nilipokua nikaanza kusoma historia ya vikosi vilivyopita Usambara. Nilitaka kujua babu alikuwa kombania ya ngapi. Nataka niwasimulie nilichokikuta, kwa sababu naamini wengi wetu tuna babu wa namna hii.

Tuanze kabla ya Mjerumani. Sisi wapenzi wa fasihi tuna bahati, maana kuna kitabu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika *Habari za Wakilindi* kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kilianza kuchapwa na wamisionari wa Magila miaka ya 1890, kikatoka upya mwaka 1962. Huyu hakuwa mtu wa kusikia mambo kwa mbali. Alikuwa karani wa Semboja kule Mazinde, kwa hiyo barua za vita zilipita mkononi mwake.

Ukikisoma kwa jicho la kutafuta vikosi, utagundua kwamba Wakilindi hawakuwa na jeshi la kudumu. Ukoo ule, unaosimuliwa kuanzia kwa Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, ulitawala kutoka Vuga kwa heshima, kwa kodi na kwa uganga wa mvua. Simba Mwene akitaka vita, wazumbe wake wanaleta watu. Vita ikiisha, watu wanarudi shambani. Mpiganaji na mkulima alikuwa mtu yule yule, ila siku tofauti.

Mambo yakabadilika alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Semboja, mwanawe, hakukaa juu mlimani. Alikaa Mazinde, chini kabisa, pale njia ya misafara inapopita kati ya pwani na bara. Pembe na watumwa walishuka, bunduki na baruti zikapanda. Mwenye bunduki hakuwa na haja ya kungoja wazumbe wakubali. Semboja akaipiga Vuga kwa nguvu za watu wa nje ya mlima pamoja na silaha za pwani, Shekulwavu akakimbia, na kiti kikapewa mtoto wa Semboja. Wabondei nao wakaona mlango umefunguka, wakaasi. Miaka mingi ya vita ikafuata.

Sasa hebu jiulize: bunduki hizo zilifikaje Mazinde? Reli haikuwapo. Punda na ng'ombe hawadumu kwenye njia zenye mbung'o. Zilifika juu ya mabega ya watu. Kila kasha la baruti lililogeuza historia ya Usambara lilipandishwa na mpagazi kutoka Pangani au Tanga, na vitabu havina jina lake. Wakati huo sikulitilia maanani jambo hilo. Bado nilikuwa natafuta kombania.

Mwaka 1888 pwani iliwaka. Abushiri bin Salim aliwakatalia Wajerumani wa kampuni, na serikali ya Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann kuja kuzima moto. Wissmann hakuja na jeshi la Wajerumani. Alikwenda Misri kwanza akaajiri Wasudani kama 600, akaongeza watu kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, akaweka juu yao maofisa wachache wa Kizungu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 kikosi kile cha kukodi kikafanywa kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe, jina ambalo maana yake ni jeshi la ulinzi. Kumlinda nani, wenyeji hawakuulizwa.

Semboja aliona upepo unakoelekea, akapatana nao. Baada ya kufariki kwake, mwanawe Mputa aliyekalia kiti cha Vuga alinyongwa na Wajerumani. Na pale Lushoto wakajenga mji wao wa baridi, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao.

Kizazi cha pili cha askari wa Schutztruppe hakikutoka Misri tena. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, wa hapa hapa. Kombania zikapewa namba, kila moja na makao yake. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, jeshi hilo lilikuwa na kombania 14 na askari kama 2,500, bila kuhesabu polisi. Kila kombania ina historia yake: ilikaa wapi, iliongozwa na nani, ilipigana wapi. Nilizipitia zote kwa hamu. Namtafuta babu.

Katika kutafuta nikakutana na Sakarani.

Wanaoijua njia ya Soni wanaijua Sakarani: misheni ya Wabenediktini, yenye divai yake. Wachache wanajua kwamba jina hilo ni la mtu. Tom von Prince alizaliwa Mauritius, baba yake Mwingereza, akaingia jeshi la Ujerumani. Ndiye aliyeongoza shambulio la ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894. Askari wake walimwita Bwana Sakarani, na katika Kiswahili cha zamani sakarani ni mlevi. Inasemwa kilichomlevya kilikuwa vita, si pombe. Alipostaafu akaja kulima Usambara, na shamba likachukua jina lake la utani.

Mwaka 1914 walowezi kama yeye waliunda kombania zao, Wazungu watupu, wakulima wenye bunduki za kuwindia. Luteni Kanali von Lettow-Vorbeck akampa Prince kombania mbili za namna hiyo. Tarehe 2 Novemba, meli za Waingereza zikatokea Tanga na watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Yalikuwamo majina ya kila aina: Loyal North Lancashire wa Uingereza, Rajputs wa 13, Kashmir Rifles, Grenadiers wa 101, Palamcottah wa 63. Wengi walikuwa wamekaa melini wiki nyingi, na baadhi yao walipewa bunduki mpya siku chache tu kabla ya safari. Upande wa pili walikuwapo kama elfu moja, walioteremshwa kwa treni kutoka Moshi kupitia chini ya milima yetu.

Mnajua kilichotokea. Nyuki walipanda wazimu wakawavamia watu wote bila kuuliza bendera. Waingereza wakarudi melini tarehe 5, wakaacha pwani bunduki, mizinga ya rashasha na risasi laki sita. Prince aliuawa mitaani Tanga. Jina lake likabaki mlimani kwenye kibao, na sasa kwenye chupa.

Babu hakuwamo kwenye kombania ya Prince, hilo ni wazi. Lakini hata za askari weusi hakuwamo. Ndipo nikarudi kwenye bega.

Bunduki haitoi nundu, jamani. Mzigo ndio unaotoa.

Nilikuwa nasoma vitabu vya vikosi kama mtu anayesoma orodha ya wageni waalikwa, nikimtafuta aliyepika. Kila kombania ya Schutztruppe iliyokuwa na askari 160 au 200 ilikuwa na wapagazi zaidi ya hao. Wanabeba rashasha iliyofunguliwa vipande, masanduku ya risasi, mahema, unga, dawa, kiti cha ofisa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 na zaidi. Kombania bila wapagazi haitembei hata siku mbili. Ila kwenye vitabu, namba ni ya askari.

Usambara ilikuwa mahali pa kuwapata watu hao kwa urahisi. Miaka michache kabla ya vita, wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa imeanzisha kipande: kadi ya kazi ambayo mwanamume alitakiwa kuijaza kwa siku 30 za kazi katika mashamba ya walowezi ndani ya kila miezi minne. Watu walikuwa tayari wamezoeshwa kuhesabiwa na kupelekwa. Vita ilipokuja, zumbe aliambiwa alete watu, kama wazumbe walivyoambiwa zamani na Vuga. Tofauti ni kwamba safari hii hawakupewa silaha, na msimu wa kulima haukuwarudisha nyumbani.

Na kazi ilikuwapo. Aprili 1915 meli ya Kijerumani, Rubens, ilipenya ikafika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na silaha. Waingereza wakaipiga, ikazama maji ya kina kifupi. Shehena ikatolewa majini, risasi zikafunguliwa moja moja zikakaushwa, zikabebwa. Pale Mombo, Wajerumani walichukua reli nyepesi za mashambani wakatandika njia ya vigari hadi Handeni. Vigari hivyo havikuwa na injini, vilisukumwa na watu. Baada ya Handeni hakuna reli wala vigari: hadi Reli ya Kati ni vichwa na mabega. Amani, Usambara ya mashariki, kituo cha utafiti kilikuwa kinatengeneza kwinini kutoka kwenye magome ya mti, na askari wa Lettow wakaendelea kupigana wakati malaria inawaangusha wenzao. Kwinini hiyo nayo ilibebwa na mtu.

Juni 1916 jeshi la Smuts lilishuka kwa kufuata reli na Mto Pangani. Mombo ikachukuliwa, halafu Wilhelmstal, bila mapigano makubwa. Wajerumani walikuwa wameshaondoka kuelekea kusini, wameacha wanawake na watoto wa Kizungu mjini. Wapagazi hawakuachwa. Naamini babu aliondoka hapo, kwa sababu bibi alisema baba yake "alikwenda mto mkubwa wa kusini", na kutoka Lushoto mtu hafiki Rufiji kwa matembezi.

Upande wa Waingereza hali haikuwa tofauti, ilizidi tu kwa wingi. Wao walikuwa na Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo. Ndiyo, soko lile la Dar es Salaam. Pale ndipo palikuwa kambi yao. Katika miaka ya vita Waingereza na washirika wao waliwachukua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja kubeba mizigo, wengine kwa ujira, wengi kwa kushikwa usiku. Hesabu rasmi ya Waingereza peke yao inataja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Wachache kati yao waliuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, vichomi, malaria, na mahindi mabovu yaliyopikwa nusu. Kumbuka hao ni wa upande ulioshinda, uliokuwa na makarani wa kuandika. Upande wa babu hata hesabu kama hiyo ni ngumu kuipata.

Nikaanza kuona kwamba mpaka kati ya vikosi si imara kama vitabu vinavyouchora. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni mpya ya King's African Rifles, ambao sisi tuliwaita Keya. Batalioni ya 6 ilijazwa na askari waliokuwa wa Mjerumani, waliotekwa au kujisalimisha. Mtu yule yule, nidhamu ile ile, kofia nyingine. Askari alikuwa na ujuzi unaotafutwa, kwa hiyo alikuwa na pa kwenda. Mpagazi aliyetekwa alibadilishiwa mzigo tu.

Batalioni hiyo ya 6 ina maisha marefu. Mwaka 1941 ilipigana Uhabeshi, mahali paitwapo Colito, na Waingereza wakaipa kambi ya Dar es Salaam jina hilo. Uhuru ulipokuja ikawa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari wa Colito wakaasi wakidai mishahara na maofisa weusi, na serikali ikalazimika kuita Waingereza kuwazima. Septemba 1 mwaka huo ikazaliwa JWTZ, na kambi ya Colito ikaja kuitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliipiga Schutztruppe mwaka 1891. Msomaji wa fasihi ataona uzito wa mabadiliko hayo. Jina la ushindi wa Keya likafutwa, likaandikwa la ushindi dhidi ya askari wa Mjerumani. Lakini jina hili nalo ni la uwanja wa mapigano. Sijui kambi iliyopewa jina la njia ya wapagazi.

Mwaka huo huo wa 1964 kulitokea jambo jingine. Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Schutztruppe malimbikizo ya mishahara yao. Wazee wakajitokeza Mwanza, wengi hawana karatasi yoyote. Kuna simulizi inayorudiwa sana vitabuni: ofisa wa malipo alimpa kila mzee fimbo ya ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Na wote wakakumbuka. Bega silaha, teremsha silaha, miaka karibu 50 baadaye.

Ni simulizi nzuri, na kila anayeisimulia anatabasamu. Nami nilitabasamu mara ya kwanza. Mara ya pili nikamweka babu kwenye foleni ile. Amepewa ufagio. Ameamrishwa kwa Kijerumani. Afanye nini? Hakufundishwa gwaride. Alichofundishwa ni kuinama, kunyanyua, kufuata mgongo wa aliye mbele. Mtihani ule ulimtambua askari kwa alichoweza kufanya na bunduki, na kwa kipimo hicho babu hakuwahi kuwa vitani.

Waingereza nao walikuwa na fungu la mishahara ya wapagazi waliokufa au kupotea bila mtu kuidai. Watawala walijadiliana miaka mingi fedha hizo zitumike vipi. Familia zingedaije, wakati aliyepelekwa hakuandikwa kwa jina la baba yake wala la kijiji chake?

Ukifika Dar es Salaam, tazama Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa ya Wissmann. Ni askari mmoja, bunduki yenye singe mbele. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia. Nairobi kuna ndugu ya sanamu hiyo, yenye watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar wapagazi walipata maneno, Nairobi walipata shaba. Wengi wetu tunapita kwenye mzunguko ule wa magari mara mia bila kuinama kusoma.

Fasihi yetu imeanza kuwatazama watu wa vita hii. Abdulrazak Gurnah anamalizia *Paradise*, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la *Peponi*, kwa kijana Yusuf kukimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Katika *Afterlives* ya mwaka 2020 anatuingiza ndani ya kombania yenyewe. Nazipenda kazi hizo. Ila hata pale, jicho la msomaji linamfuata zaidi aliyevaa sare. Riwaya ya mpagazi wa Usambara, aliyetoka Mlalo au Bumbuli na kamba yake ya mzigo akafika Rufiji, bado naisubiri. Sipendi kumsubiri mgeni atuandikie.

Bibi alifariki kabla sijamwambia nilichokigundua. Nilikuwa na wasiwasi kwamba ningemvunjia heshima baba yake, nikimwambia hakuwa askari. Mama mdogo aliponisikia alinicheka. "Nani alisema alikuwa askari?" akaniuliza. "Mama alisema alikuwa jeshi. Nyie ndio mlimpa bunduki."

Kweli. Bibi alisema jeshi, akagusa bega. Alikuwa ameshatuambia yote.

Kama kwenu kuna mzee anayetaja vita ile, usimuulize alipigana wapi. Muulize alibeba nini, alikula nini, na nani alibaki njiani. Kisha uandike, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari.